Injinia wa Stoo

Nilipokuwa nasomea uhandisi mitambo Mbeya, chuo chetu kilikuwa bado kinaitwa MIST. Kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikapandishwa kuwa taasisi mwaka 2005, na leo ni chuo kikuu, MUST, palepale Ikuti. Ndoto za darasani kwetu zilikuwa chache na zilijulikana: mgodini, TANESCO au kampuni ya barabara. Aliyepata kiwanda alimshukuru Mungu, mradi apewe ovaroli na spana. Habari za stoo, manunuzi na magari ya mizigo tuliwaachia wale wa masomo ya biashara, na kusema kweli tuliwadharau.

Ajira ilipokuja, ilikuja na masharti yake. Kiwanda kimoja cha kusaga nafaka mkoani Iringa kilinijibu kwamba karakana imejaa, ila stoo ya vipuri inatafuta mtu anayejua vyuma. Nikaenda, maana nyumbani walikuwa wanasubiri mshahara, si cheo. Mjomba aliyenilipia ada alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza, "Kwa hiyo mjomba, miaka yote ile ilikuwa ya kwenda kuhesabu misumari?"

Siku ile sikuwa na jibu. Ninalo sasa, ila ni refu kidogo.

Stoo yenyewe ilinuka grisi na magunia mapya. Rafu za mbao zilifika darini, kila moja imening'inizwa kadi kwa uzi, na mezani palikuwa na leja moja kubwa yenye jalada lililoshikwa na gundi ya karatasi. Mwenye stoo alikuwa mama wa Kihehe aliyekuwa karibu kustaafu. Kiwanda kizima, kuanzia meneja hadi walinzi, kilimwita Mama Stoo. Nilimpa shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Kamwene," akajibu, akanitazama viatu kwanza kabla ya uso. "Wewe ndiye Injinia? Haya. Hapa utaanza kwa kujifunza majina."

Nilidhani anazungumzia majina ya watu.

Kuna beringi inayoitwa 6205. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 25, cha nje 52, upana 15. Hivyo vipimo havibadiliki, uinunue Kariakoo, Lusaka au Shanghai. Inakuja kwa sura mbili zinazopatikana sana: iliyofunikwa kwa mpira pande zote mbili na iliyofunikwa kwa bati. Zote zinaingia kwenye nyumba ileile. Lakini kwenye kinu cha unga, ambako vumbi linaelea hewani kutwa, ile ya bati huacha upenyo mwembamba, na unga ukishakutana na grisi ndani yake huwa uji, kisha gundi, kisha kelele. Ya mpira hudumu.

Sasa, ndani ya leja ya Mama Stoo beringi hiyo ilikuwa na majina manne. Ukurasa mmoja iliandikwa "beringi konvea". Mwingine "beringi ndogo ya mota". Wa tatu ulikuwa na namba tupu, na wa nne ulikuwa na jina la kiwanda kilichoitengeneza. Fundi akija mbio kwamba konvea imesimama, kadi ya "beringi konvea" inasoma sifuri, oda ya haraka inapigwa Dar es Salaam, mzigo unapandishwa basi la usiku, na huku rafu ya juu maboksi ya beringi ileile yamejaa vumbi, yanaitwa ya mota. Mama Stoo akiwepo mambo yalikwenda, kwa kuwa kichwani mwake majina yote manne yalikuwa kitu kimoja. "Panda pale juu, zile za mota, ni ndugu mmoja," angemwambia fundi, na konvea ikaondoka. Akienda likizo Kilolo kulima, kiwanda kinaanza kuhangaika na vitu ambavyo kinavyo.

Kwa hiyo jioni, mashine zikishazimwa, tulikaa wawili. Yeye anataja, mimi napima kwa vernia na kuandika. Kitu kimoja, jina moja, namba moja, na pembeni mashine zinazokitumia. Ya mpira tukaitenga na ya bati kwa sababu ya vumbi, ingawa dukani wangekuuzia yoyote. Aliyesomea ugavi pekee asingejua kwamba zile mbili ni sawa kwa kipimo na si sawa kwa kazi. Nami ningekwenda peke yangu na vernia yangu, ningepima chuma chote kile bila kujua kipi kinatumika wapi. Nimeona vijana wakiingia stoo na kompyuta mpya wakamweka mtu wa namna ile kando ili "wasafishe mfumo". Wanachosafisha ni kumbukumbu ya kiwanda.

Mhasibu wetu alikuwa na ugomvi wa kudumu na rafu zile. Yeye aliona fedha iliyolala, na hakukosea. Ila alipanga vipuri kwa bei, vya gharama juu, vya senti chini, akataka vya gharama ndivyo vilindwe. Tulimwomba apange upya kwa swali jingine: kikikosekana hiki, nini kinasimama? Mkanda wa bei ya chakula cha mchana unaweza kusimamisha kinu, wasagaji, wapakiaji na malori matatu nje ya geti. Mota mpya ya gharama inaweza kukaa miaka bila kuguswa, na hata ikikosekana kuna fundi wa kufunga upya waya za ile ya zamani hapo Iringa mjini. Tangu siku hiyo mhasibu na Mama Stoo walianza kusalimiana vizuri.

Kutoka Iringa nilihamia Mbeya, kwenye usambazaji wa pembejeo. Hapo ndipo nilipoacha kuona aibu mtu akiniuliza nafanya kazi gani, na sababu mojawapo ni historia ya barabara iliyo mbele ya mlango wangu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa wazungu wachache kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake huko, ikabaki imefungiwa. Malori yakaanza kupita njia ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, njia ambayo madereva wa wakati huo waliiita ya jehanamu. Likafuata bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kilomita 1,710 hadi Ndola. Ikafuata lami ya TANZAM. Kisha Wachina, Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA kuanzia 1970, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Reli na barabara zikakutana Makambako, mahali inapochepuka njia ya Njombe na Songea. Nyanda za Juu Kusini tunazozijua leo, pamoja na foleni ya Tunduma inayotukera, zimekaa juu ya swali moja la ugavi: nchi isiyo na bahari italishwaje? Waliolijibu walikuwa wahandisi. Mstari kati ya uhandisi na ugavi aliouchora mjomba wangu, na sisi darasani, haukuwahi kuwepo katika ardhi hii.

Mbolea ndiyo iliyonifundisha kazi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja: inaanza Novemba au Desemba, inakwisha Aprili au Mei. Mbolea ya kupandia, DAP, inatakiwa iwe kijijini kabla ya jembe la kwanza. Ikifika mahindi yakiwa yameota, umemletea mkulima deni. Ya kukuzia, Urea au CAN, nayo ina wiki zake. Hakuna kumwambia mkulima wa Mbozi au Mbarali asubiri kidogo. Na tangu ruzuku iliporudi msimu wa 2022/23, mkulima akitambuliwa kwa kusajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali, wakala anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, mbolea na mtandao, na kimoja kikikosekana foleni inamgeukia yeye.

Meli inashusha Dar es Salaam. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 800: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, halafu Kitonga. Asiyeijua Kitonga nimweleze. Barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na hakuna njia ya pembeni. Semi moja ikikatika shafti na kulala kwenye kona, kila kitu kinachokwenda Iringa, Njombe, Mbeya, Rukwa, Malawi na Zambia kinasimama nyuma yake. Madereva wanawasha majiko ya mkaa chini ya tela, wachuuzi wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanapata siku nzuri, na simu za ofisini zinaanza kulia.

Ofisini tulikuwa na jibu moja kwa kila aliyeuliza mzigo lini: siku tatu. Hakuna aliyejua zilitoka wapi hizo siku tatu. Nikaanza kuandika kwenye daftari la kawaida la shule: gari limetoka lini, limefika lini, limechelewa wapi, kwa nini. Sikuhitaji programu yoyote. Baada ya msimu mmoja daftari lilionyesha kwamba siku tatu ni kweli, ukichukua wastani. Ila magari yaliyofika siku ya tatu hasa yalikuwa machache. Mengine yaliwahi sana, mengine yalikaa njiani wiki nzima, na yale ya wiki nzima hayakutawanyika ovyo: yalirundikana kwenye mvua kubwa na kwenye majuma ambayo bandari ilishusha meli mbili za mbolea kwa mpigo na malori yakagombaniwa.

Chuoni hakuna mwalimu angekukubalia mchoro wenye kipimo bila kiasi cha kupotoka. Shafti ya milimita 25 haikatwi 25 tu; unaandika inaruhusiwa kuzidi kiasi gani na kupungua kiasi gani, vinginevyo beringi haiingii au inacheza. Na humu kwenye ugavi watu wazima wenye vyeo wanaandika "siku tatu" bila kupotoka, wanaweka saini, wanakwenda kunywa chai. Tulipoanza kuandika siku mbili hadi saba, mauzo walilalamika kwamba tunawatisha wateja. Lakini wakala wa Vwawa aliyeambiwa saba alikopa fedha mapema, akachukua mzigo mapema, na akalala usingizi. Nashikilia msimamo huu hadi leo: kazi yetu si kuwahisha mzigo. Barabara ni ya wote, Kitonga si yetu, hatuwezi kuiamuru. Kazi yetu ni kujua utachelewa kiasi gani na kuweka akiba ya kufunika pengo hilo, katika ghala lililo upande huu wa mlima.

Kuna siku nyingine hesabu za chuo zilifanya kazi waziwazi, tena kwa chaki. Tulikuwa na ghala la muda Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Vibarua walikuwa wamepakia magunia 600 ya kilo 50, tani 30, kwenda Mbeya. Mbele kuna mizani ya Wenda, kisha Makambako. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 haikuangalii uzito wa jumla tu, ambao kikomo chake ni tani 56. Inaangalia na kila kundi la ekseli. Mbili za pamoja zenye matairi pacha, tani 18. Tatu, tani 24. Dereva alikuwa mzee wa Kinyakyusa wa Tukuyu, amezeekea kwenye usukani. Alizunguka gari, akainama akatazama springi, akaniita.

"Injinia, mwanangu, jumla iko sawa. Lakini gari limelala mbele. Wenda hatutoki."

Msimamizi wa vibarua akaapa kwamba magunia ni yaleyale 600, amehesabu mwenyewe. Na kweli yalikuwa yaleyale. Walikuwa wameyasukuma mbele ili nyuma pabaki nafasi ya mapipa ya mteja mwingine. Nilichukua futi kamba, nikapima kutoka pini ya tela hadi katikati ya ekseli za nyuma, kama mita 8, nikapiga hesabu ubavuni mwa tela. Magunia 40 ni tani 2. Ukiyarudisha nyuma mita 4, umeondoa tani 1 kwenye kichwa na kuipa tela. Tukahamisha magunia 80, mapipa yakaenda na gari jingine. Mzee akatazama tena springi zake, akatikisa kichwa. "Kumbe mlikuwa mnasoma kitu," akasema, akapanda. Wenda alipita bila kusimamishwa. Kwangu mimi, hesabu yake ya macho ilikuwa bora kuliko yangu, kwa sababu yake ilikuja kwanza.

Lori lililoleta mbolea lisirudi tupu. Huo ndio uchumi wa usafirishaji huku. Kwa hiyo tuliingia pia kwenye kutafuta mzigo wa kurudi: mahindi, mchele wa Mbarali, viazi vya Uporoto. Na kwenye viazi ndiko kuna lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba cha kamba juu mpaka linakaribia urefu wa mtoto. Wakala wa Vipimo wanalipiga marufuku, gunia lisizidi kilo 100, wakuu wa wilaya wanatangaza, na msimu unaofuata lumbesa iko barabarani. Wanaoilaani huzungumza kana kwamba ni tabia mbaya tu ya madalali. Ni ujanja wa hesabu. Kuli analipwa kwa gunia. Nauli inapangwa kwa gunia. Ushuru mara nyingi unatozwa kwa gunia. Mnunuzi akipata gunia kubwa zaidi, amepunguza gharama zote tatu, na anayelipia ni mkulima. Nami kwa upande wangu nilishindwa kupanga gari, kwa kuwa magunia 100 ya lumbesa hayaniambii ni tani ngapi. Tulipoweka mizani ya jukwaa shambani na kulipa kwa kilo, lumbesa ilikufa kwetu bila hotuba. Ilirudi pale tu mizani ilipoharibika, na haikuchelewa.

Nisiwapambie vijana kazi hii. Wenzangu wa mgodini walijenga mapema kuliko mimi. Mtu wa ugavi hukumbukwa mambo yakiharibika. Yakienda vizuri, wanaosifiwa ni uzalishaji na mauzo. Na kuna jaribu ambalo fundi wa karakana halioni. Mwenye kalamu ya manunuzi huja kusalimiwa na wauzaji wengi, na salamu nyingine zina bahasha. Huwa hawasemi rushwa. Wanasema "ya soda", au "asilimia yako". Niliona jinsi spea za hovyo zinavyoingia kiwandani kwa mlango huo: aliyekula hawezi tena kumrudishia muuzaji mzigo mbovu. Kinga yangu haikuwa uadilifu wa kujisifia, ilikuwa karatasi. Tuliandika sifa za kitu kwa vipimo, ya mpira na si ya bati, kabla ya kuuliza bei, na fundi atakayekifunga akasaini kukipokea. Muuzaji akishajua kwamba atakayempokea ni fundi mwenye vernia, bahasha inapungua thamani. Serikalini nako mambo yamehamia kwenye mfumo wa manunuzi wa kielektroniki, NeST, tangu 2023, na maelezo ya kitu yakiwa legelege, mfumo utakununulia ulegelege huo kwa uwazi kabisa.

Kwa hiyo, kwa anayemaliza uhandisi Mbeya mwaka huu na kupewa stoo Mafinga, ghala Makambako au dawati la mizigo Tunduma: ipokee. Usiache fomu za Bodi ya Usajili wa Wahandisi eti kwa kuwa huvai ovaroli. Jisajili kama mhandisi mhitimu, uliza kuhusu SEAP, ule mpango wao wa mafunzo kazini wa miaka mitatu ulioanza 2003, na panga na mwajiri sehemu ya muda huo uitumie karakana. Upande wa pili kuna PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na bila wao kazi ya manunuzi utaifanya kama mgeni. Mitihani yao ina ngazi. Nenda na cheti chako uwaulize mwenye shahada isiyo ya ugavi anaanzia wapi, usikae kusikiliza ya vijiweni. Tawi la TIA, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, liko palepale Mbeya kwa anayetaka kusoma huku anafanya kazi.

Na kwa wenye viwanda: mnapotangaza nafasi ya stoo ya vipuri, andikeni kwamba mhandisi anaruhusiwa kuomba. Matangazo mengi ninayoyaona bado hayamtaji.